Fomu ya Tathmini Si Siri ya Bwana Mkubwa

Ndugu Wanachama,

Jambo tunalotaka kuwaelezeni katika karatasi hii si geni kwenu. Wengi wenu limekwisha kuwafika, na wengine limewapita karibu mpaka mkasikia upepo wake. Ni habari ya mfanya kazi wa Serikali ambaye miaka yapita, wenzake wapanda cheo, naye yuko pale pale, kwa sababu ya maksi alizoandikiwa katika fomu ya tathmini. Maksi ambazo hakuonyeshwa, wala hakuulizwa neno juu yake.

Mwezi uliopita alitujia mwenzetu mmoja mkaaji wa Kinoo. Jina lake hatulitaji, wala ofisi yake hatuitaji, maana shauri lake bado laendelea. Ni karani, na mama wa watoto watatu. Kila siku ya kazi hutoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, akapanda matatu pale kwenye Barabara ya Waiyaki, akapita Uthiru, Kangemi na Westlands katika msongamano wa magari, ili saa mbili imkute mezani pake mjini. Amefanya hivyo miaka mingi. Alikuja kwetu na bahasha kubwa ya kaki, akaiweka juu ya meza, akasema, "Ndugu zangu, nimeletwa na swali moja tu. Kwa nini jina langu halikwenda?"

Tukaifungua bahasha. Mwaka wa kwanza katika daraja lake alipewa maksi 92. Mwaka wa pili 71. Mwaka wa tatu 68. Hizo 71 na 68 hakuzijua mpaka siku alipouliza kwa nini wenzake wawili, aliowafundisha kazi yeye mwenyewe, wameitwa mbele ya kamati ya kupandishwa vyeo na yeye hakuitwa. Ndipo akaambiwa kwamba maksi zake hazitoshi.

Tulisoma fomu hizo ukurasa kwa ukurasa, na haya ndiyo tuliyoyaona. Mwaka ule wa pili alihamishwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine mwezi wa Novemba. Msimamizi mpya, aliyemjua kwa miezi saba na kidogo, akamtia maksi za mwaka mzima, wala hakumuuliza yule wa kwanza. Mwaka wa tatu fomu yasema kwamba walikutana mwezi wa Januari, wakazungumza juu ya kazi ya nusu mwaka, akaonywa kuwa amelegea. Lakini siku ile iliyoandikwa, mama huyu alikuwa likizoni, akimuuguza mzazi wake, na karatasi ya likizo anayo, imetiwa sahihi na msimamizi yule yule. Basi mazungumzo yale yalifanywa na nani?

Wako wanaosema, na baadhi yao ni wanachama wetu, kwamba mama huyu analeta vurugu. "Mwambie anyamaze," mmoja alituambia, "mwaka ujao mzee atamkumbuka." Sisi twasema sivyo, na twaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Kwanza tuangalie hasara. Mtu huona kwamba maksi ni wino tu. Lakini anayekosa cheo mwaka huu hakosi mshahara wa mwaka huu peke yake. Wale walio katika utaratibu wa zamani wa pensheni, malipo yao ya uzeeni huhesabiwa kwa mshahara wa mwisho. Wale walioingizwa katika mpango mpya ulioanza tarehe 1 Januari 2021, Serikali huwawekea asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nao wenyewe hukatwa asilimia 7.5 baada ya miaka miwili ya mwanzo yenye makato madogo zaidi. Mshahara ukiwa mdogo, na akiba ni ndogo, kila mwezi, mpaka mtu afike miaka 60 aende nyumbani. Kwa hiyo maksi iliyotiwa kwa haraka mwezi wa Juni yaweza kumfuata mtu mpaka kaburini, na ikawafuata na mjane na yatima wake. Jambo kubwa kama hilo halifai kuachiwa kumbukumbu ya mzee.

Pili, tukumbuke tulikotoka. Wakati wa ukoloni mfanya kazi Mwafrika alilipwa kwa rangi yake. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliona ni sawa asiyekuwa Mzungu apate sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndiyo iliyosema mishahara isipangwe tena kwa rangi, ingawa Wazungu waliotoka ng'ambo waliwekewa nyongeza yao. Hapa karibu na Kinoo, upande wa Lower Kabete, ilikuwako Jeanes School. Ndugu Tom Mboya alisomea hapo kazi ya ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi, akaona kwa macho yake kwamba mkaguzi Mwafrika na mkaguzi Mzungu hawapimwi kwa mizani moja. Hakungoja akumbukwe. Mwaka 1953 yeye na wenzake wakaunda chama cha wafanya kazi wa serikali za mitaa.

Mahali pale pale pa Jeanes School leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya, ambako watumishi hupelekwa kwa masomo wanayotakiwa kuwa nayo ili wapande vyeo vya juu. Wengine wenu mmekwenda, mmerudi na vyeti, na vyeti vimelala sandukuni kwa sababu ya maksi.

Rangi iliondoka katika mizani, lakini siri ilibaki. Miaka mingi baada ya Uhuru mkubwa wa kazi aliendelea kuandika ripoti ya siri juu ya mdogo wake, akaifunga, akaipeleka mbele. Mwandikwa hakujua kama ameitwa hodari au mvivu. Na mahali pa kulia hapakuwapo, maana chama cha watumishi wa Serikali kilifutwa mwaka 1980, kikarudishwa mwaka 2001. Miaka 21 mtumishi alikuwa peke yake na faili lake, na faili limefungwa kwa kufuli.

Ndipo ikaja mikataba ya utendaji mwaka 2004, na mwaka 2006 tathmini ya wazi kwa kila mtumishi. Twataka ieleweke kabisa: sisi hatuipingi tathmini. Mfanya kazi hodari ndiye wa kwanza kuitaka, maana bila kipimo cheo kitakwenda kwa shemeji na mtu wa kijiji. Kwa kanuni zake mpango huu ni mzuri. Mwanzo wa mwaka wa fedha, mwezi wa Julai, msimamizi na mfanya kazi wakae pamoja waandike malengo. Katikati ya mwaka wakutane waone kazi imefika wapi. Mwisho wa Juni wakutane tena, wapime pamoja, na mfanya kazi aandike maneno yake mwenyewe katika nafasi aliyoachiwa. Asiyekubali ana haki ya kusema sikubali.

Lakini katika ofisi nyingi hufanywaje? Nyinyi mwajua. Fomu hutolewa wiki ya mwisho ya Juni. Malengo ya mwaka mzima huandikwa siku moja na matokeo yake. Tarehe za mikutano hubuniwa. Mfanya kazi huambiwa, "Weka sahihi hapa, mengine nitajaza mimi." Naye huweka sahihi.

Hapa hatuna budi kujisema sisi wenyewe. Mara ngapi tumetia sahihi karatasi tupu kwa sababu matatu ya Kikuyu inangoja? Mara ngapi tumenakili malengo ya jirani neno kwa neno? Mara ngapi tumepewa maksi 100 tusizostahili, tukacheka, tukanyamaza? Anayefurahia uwongo ukimfaa hana nguvu ya kuukataa ukimdhuru. Wasimamizi wana makosa yao, lakini mlango tuliwafungulia sisi.

Sasa tuwape mfano wa mbali, maana shauri hili si la Kenya peke yake. Huko India alikuwako mhandisi mmoja wa idara ya barabara za mipakani, jina lake Dev Dutt. Ili apande cheo alitakiwa awe na ripoti ya "nzuri sana" kwa miaka mitano. Mwaka mmoja tu, 1993 kwenda 1994, aliandikiwa "nzuri". Hakuambiwa. Kamati ilipokutana mwishoni mwa 1994 jina lake likaachwa, wadogo zake wakapita. Wakubwa walijitetea kwamba "nzuri" si maksi mbaya, basi hapakuwa na haja ya kumwarifu. Mwaka 2008 Mahakama Kuu Kabisa ya India ikakataa maneno hayo. Ikasema kwamba jina la maksi si kitu. Kitu ni kazi iliyofanya. Kama "nzuri" yamzuia mtu kupanda, basi kwake yeye ni mbaya, na lazima aonyeshwe apate kujibu. Tena ikasema kila maksi, ya juu au ya chini, mtumishi aarifiwe. Mwaka 2013 majaji wa mahakama hiyo hiyo wakaithibitisha hukumu hiyo.

Dev Dutt alikuwa amekwisha kustaafu hukumu ilipotoka. Miaka kumi na mitatu na zaidi ilipita toka siku ile ya kamati. Tunawapa habari hii kwa mambo mawili: haki yapatikana, na anayechelewa kuianza huipata akiwa na mvi.

Hukumu ya India haiwafungi majaji wetu. Lakini sheria zetu zenyewe, ukizisoma, zimefika pale pale. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, yasema vyeo katika utumishi wa umma vitolewe kwa ushindani wa haki na ustahili. Kifungu cha 41 champa kila mfanya kazi haki ya kutendewa sawa kazini. Kifungu cha 47 chasema ukiathiriwa haki yako na uamuzi wa ofisi, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitimiza kifungu hicho yaongeza neno la nguvu: ofisi ikiombwa sababu ikakaa kimya, mahakama itachukua kwamba uamuzi haukuwa na sababu njema, mpaka ofisi yenyewe ionyeshe vingine. Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza ubaguzi katika kupandisha vyeo. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yakupa haki ya kuona habari zako zilizowekwa, na kutaka zirekebishwe kama ni za uwongo au zapoteza.

Kuna na hukumu. Katika kesi ya mwaka 2010 iliyoletwa na chama kimoja cha wafanya kazi, mahakama ya kazi ya Nairobi ilieleza kwamba mfanya kazi akionekana kulegea, kwanza aonyeshwe upungufu wake, tena apewe muda wa kutosha kujirekebisha, kama miezi miwili au mitatu. Kesi ile ilihusu kufukuzwa kazi, si kupandishwa cheo. Lakini sisi twauliza: kama mtu hawezi kufukuzwa kwa udhaifu asioonyeshwa, yawezekanaje akafungiwa cheo mwaka baada ya mwaka kwa udhaifu huo huo asioonyeshwa?

Basi mwanachama afanye nini? Twayaandika kwa mpango ili karatasi hii iwekwe na kusomwa tena.

Kwanza, usitie sahihi karatasi tupu. Kama umekwisha kujaziwa na hukubali, andika "sikubali" na sababu zako katika nafasi yako, ndipo utie sahihi na tarehe. Sahihi si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Pili, weka nakala. Ukijaza kwa kompyuta, piga chapa. Weka barua za uhamisho, karatasi za likizo, barua za kusifiwa, hesabu ya kazi uliyoifanya. Mama wa Kinoo ana nguvu leo kwa sababu ya kipande kimoja cha karatasi ya likizo.

Tatu, kama hukuonyeshwa maksi, ziombe kwa barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaruhusu barua hiyo iandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi yatakiwa kujibu kabla ya siku 21 kupita. Asije mtu akakuambia Kiswahili si lugha ya ofisi. Ukikataliwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo watu wengi huiita Ombudsman.

Nne, omba tathmini iangaliwe upya na wengine, si na yule aliyeitia maksi. Kumrudishia yeye ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Iko kamati ya wizara, na juu yake iko Tume ya Utumishi wa Umma. Andika barua moja, yenye tarehe na vielelezo, bila matusi. Barua ya matusi humgeuza mshtaki akawa mshtakiwa.

Tano, mahakama ni mlango wa mwisho. Sheria ile ya 2015 yataka umalize kwanza njia za ndani. Lakini usilale njiani, maana kwa kawaida Sheria ya Ajira hufunga mlango baada ya miaka 3. Na ujue kiasi cha mahakama: jaji hatakutilia maksi, wala hatakupa cheo kwa mkono wake. Atatazama kama ulipimwa kwa utaratibu wa haki, na kama sivyo, aweza kuwaamuru wapime upya.

Twaongeza neno la tahadhari, kwa sababu chama kisichowaambia watu wake ukweli hakina faida. Chama cha walimu, KNUT, kilimpeleka mwajiri wao mahakamani juu ya tathmini, vyeo na uhamisho, na hukumu ikatoka tarehe 12 Julai 2019. Mahakama ilikubali kwamba taratibu za zamani za kupandishia vyeo zitumike sambamba na mwongozo mpya. Walimu wakashangilia. Lakini mwajiri akashika hoja kwamba nyongeza ya mshahara katika mapatano ya 2017 hadi 2021 ilijengwa juu ya mwongozo mpya, na wanachama wa KNUT wakakosa nyongeza ile. Maelfu wakahama chama. Mwaka 2021 katibu mkuu wao, Ndugu Wilson Sossion, akajiuzulu. Hatusemi walikosea kudai. Twasema hukumu ni karatasi, na karatasi yataka watu wa kuishika. Wanachama wakitawanyika, ushindi wa mahakamani wapeperuka.

Kwa hiyo hatutaki kila mtu aende na bahasha yake peke yake, kama mtu anayekwenda kwa mganga usiku. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika ofisi ile ya mwenzetu, tulipouliza pole pole, tukakuta wengine wanne walioandikiwa mikutano ambayo haikufanywa. Kila mmoja alidhani ni bahati yake mbaya. Watano wakiandika pamoja, si vurugu za mama mmoja tena. Ni habari ya ofisi.

Nasi madai yetu kwa wakubwa si makubwa. Twataka kila mtumishi apewe nakala ya tathmini yake kabla haijapelekwa mbele. Twataka aliyehamishwa katikati ya mwaka apimwe na wasimamizi wote wawili. Twataka maksi ya kumzuia mtu isihesabiwe kama mkutano wa nusu mwaka haukufanywa. Na twataka mjumbe wa chama aketi katika kamati inayosikiliza malalamiko. Hakuna dai hapo linaloongeza hata senti moja katika bajeti ya Serikali. Msimamizi mwema hatapoteza kitu, maana yeye hufanya hayo siku zote. Atakayesumbuka ni yule aliyezoea kuandika gizani.

Mama wa Kinoo amekwisha kupeleka barua yake, imepokewa na kupigwa muhuri, na nakala iko kwetu. Hatujui atajibiwa nini. Yaweza kuwa atapata, yaweza kuwa tutapanda ngazi nyingine pamoja naye. Alipoondoka alituambia kwamba alikuwa akiogopa zaidi kucheka kwa wenzake kuliko hasira ya mkubwa wake. Neno hilo lilituchoma. Ikiwa wewe ni mmoja wa waliocheka, nenda kesho ukamwombe radhi, kisha uombe uonyeshwe fomu yako mwenyewe.

Mkutano wa tawi juu ya jambo hili mtatangaziwa na wajumbe wenu. Kila mmoja aje na fomu zake za miaka 3 iliyopita. Asiye nazo, aje na barua aliyoandika kuziomba.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenu, Halmashauri ya Tawi.